Waraka wa Kusitisha Mazishi

4 Februari

Mwanangu Chiriku,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kama yale mafua yako ya kila mwaka yameshafika, basi inakukuta ukipiga chafya kwa raha zako. Sisi sote hapa nyumbani hatujambo. Baba yako goti limemkamata tena. Anapanda ngazi zangu huku akimlaani aliyezijenga, na Jumapili alikuja kunijulia hali kwa kisingizio cha kurudisha sufuria ambayo wala si yangu. Nikamwambia, kaka, mimi si mtu wa kukaguliwa, mimi ndiye mkaguzi. Akanywa chai, akaiacha sufuria, akaenda zake.

Umeniomba nikuandikie kwa kalamu kwa sababu kwenye simu nakujibu kwa kidole gumba tu. Una haki. Simu yangu ina kundi la kamati tendaji, kundi la kamati ya maadili, kundi la wajumbe wasiomtaka Mwenyekiti, na kundi la Mwenyekiti mwenyewe, ambamo tumo watu walewale. Hapa naandikia juu ya cherehani ya Fundi. Meza ya chakula imejaa mafaili ya Chama, na cherehani ina kimo kizuri.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwezi ujao Chama chetu cha Tiba ya Michezo kwa Watoto kinafanya Mkutano Mkuu, na safari hii si mkutano wa kunywa soda na kupigana picha. Mgeni rasmi ni mkubwa kutoka wizarani. Akitia sahihi yake, kazi yetu itatambulika kisheria na hakuna atakayetuita tena "wale wanaolipwa kuchezea midoli". Kaulimbiu tumeshapitisha: Mchezo si Mchezo. Nembo bado. Mwenyekiti anataka dubu aliyevaa koti la daktari, Mweka Hazina anataka mpira, kwa hoja kwamba hakuna mwanachama aliyewahi kukutana na dubu. Tumeunda Kamati Ndogo ya Dubu.

Tunataka mgeni rasmi aone kikao cha tiba kwa macho yake mwenyewe: mtoto halisi, mchanga halisi. Nikamkumbuka mteja wako wa Jumanne uliyenidokezea, yule anayezikazika vitu. Mlete. Atapewa na fulana ya Chama.

Shangazi yako,
Katibu Mkuu


19 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mafua yalifika, yakakaa wiki nzima kama mgeni asiyejua kuaga, na sasa yameondoka. Mwenye nyumba wangu ameupaka rangi ukuta wa upande wa barabarani tu, kwa hiyo nikitoka naonekana mtu wa maana na nikirudi najiona nilivyo. Mwambie baba goti apake dawa, asilipake matusi.

Mteja wangu sitamleta. Usinune. Kanuni za Maadili za Chama zinasema mtoto si onesho, na aliyeziandika ni wewe. Nakumbuka ulivyonisomea kifungu hicho kwenye simu, ukakisoma mara mbili kwa jinsi kilivyokufurahisha.

Lakini nataka umjue kidogo, bila jina wala mtaa. Namwita Bi Jumanne kwa sababu huja siku hiyo, na kwa sababu ana miaka sita na anatembea kama mtu mwenye wapangaji. Bibi yake aliyemlea alifariki. Nyumbani wakaona wasimuumize, wakamwambia bibi amesafiri. Tangu hapo shuleni haongei kabisa. Mwalimu wake anasema hata akikanyagwa hatoi sauti.

Kwangu anaongea. Anachukua ng'ombe wa plastiki mwenye pembe moja, anamlaza kwenye beseni la mchanga, anamfukia kwa kijiko, na anasema, "Bwana Ng'ombe, safari njema." Halafu anamfukua haraka haraka, anamtazama usoni na kumgombeza: "Mbona hujafika?" Kisha anamfukia tena. Mimi kazi yangu, kama mlivyotufundisha, ni kukaa chini sakafuni na kusema ninachokiona. "Naona umemfukua. Naona umekasirika kwamba hajafika." Simwelekezi, simsahihishi, simharakishi. Nasubiri aifikie mwenyewe ile kweli ambayo nadhani moyoni anaijua.

Chumba chenyewe ni ile iliyokuwa stoo nyuma ya zahanati, kina dirisha moja linalotazama tangi la maji. Mganga Mfawidhi anakitaka kwa ajili ya maboksi ya dripu. Kila asubuhi anachungulia mlangoni, anaona cheti cha Chama ukutani chenye mhuri mwekundu, anameza mate na kuondoka. Hauelewi kabisa mhuri ule, lakini anauogopa. Kwa hiyo usifikiri nakidharau Chama. Huku nilipo, Chama ndicho mlango wangu na kufuli lake.

Halafu, shangazi. Umeandika "sisi sote hapa nyumbani". Sote ni nani? Tangu tumzike mumeo Fundi mwaka jana umebaki na cherehani yake. Umeshakwenda kumwona pale alipolala? Siku ile ulishika ratiba na kipaza sauti, ukawapanga wasemaji, ukawapanga wa viti, na udongo ulipokuwa unamwagwa wewe ulikuwa getini unabishana na mwenye maturubai. Nauliza tu, kwa sababu nakupenda.

Mwanao,
Chiriku


2 Aprili

Mwanangu Chiriku,

Nimechelewa kujibu, na ukisoma utajua kwa nini. Sisi sote hatujambo, isipokuwa Chama. Chama kiko hoi.

Uliponinyima mteja wako, Mweka Hazina akamtoa mjukuu wake, mtoto wa miaka mitano mwenye adabu zake. Tukamfanyisha mazoezi ya kucheza. Najua unachotaka kusema, usikiseme. Tulimwonesha lini achukue mdoli, lini apike kwenye jiko la bati, lini atabasamu. Siku yenyewe akavalishwa viatu vipya asubuhi na mapema, akakalishwa jukwaani karibu na beseni la mchanga kumsubiri mgeni rasmi.

Mgeni rasmi alikuja baada ya chakula cha mchana. Tukaimba wimbo wa Chama, beti zote. Nikashika kipaza sauti, maana mimi ndiye niliyeteuliwa kuongoza kikao cha mfano. Yule mtoto hakuligusa jiko la bati. Akamnyanyua mdoli mwenye suti, akasema kwa sauti iliyofika hadi kwa wapishi, "Huyu ni mgeni rasmi. Amechelewa. Amekufa."

Chiriku, miaka yote nimewafundisha watu kwamba mtoto akicheza humkatizi, humpingi, unasema unachokiona. Mdomo ukanitangulia. Nikasema kwenye kipaza sauti, "Naona mgeni rasmi amekufa."

Na ukumbi mzima, wanachama waliosajiliwa, wakatikisa vichwa polepole kwa huruma, vilevile kama tulivyowafunza.

Akaanza kumfukia. "Naona unamfukia mgeni rasmi." Akaniuliza, "Tumfukie na kipaza sauti chake?" Swali la mtoto hatulijibu, tunamrudishia. Nikasema, "Unajiuliza kama tumfukie na kipaza sauti chake." Akakata shauri kwamba tumfukie nacho. Mkubwa akamwinamia Mwenyekiti akamnong'oneza, "Hamwezi kumzuia?" Mwenyekiti naye, kwa fahari yote ya taaluma, akamjibu, "Mheshimiwa, ndani ya kikao kiongozi ni mtoto." Mazishi yakachukua muda wote wa kikao, kwa sababu kikao hakivunjwi. Mwisho mtoto akapigapiga mchanga kwa kiganja na kusema, "Haya, twendeni tukanywe soda." Mkubwa akasimama, akaondoka na kalamu yake. Sahihi hatukuipata.

Usiku uleule tuliitana. Wengine walitaka kumfukuza Mwenyekiti, wengine mtoto. Nikaona Chama kinataka kutufia mikononi, nikauandika waraka nilioambatanisha humu: michezo yote ya mazishi, maziko, matanga na mfano wake imesitishwa katika vyumba vyote vya wanachama hadi hapo itakapotangazwa vinginevyo. Atakayekaidi atafutiwa usajili. Nakala zimetumwa kwa waajiri wote.

Swali lako nililiweka kwenye Mengineyo, na muda haukutosha.

Shangazi yako,
Katibu Mkuu


11 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, nikafungua kiambatanisho, kicheko kikakatika hapo hapo. Habari za nyumbani nitakupa mwishoni, kama zitabaki na nafasi.

Mnataka nimwambie nini Bi Jumanne? Juzi, kwa mara ya kwanza, alimfukia Bwana Ng'ombe na hakumfukua mara moja. Alikaa akautazama mchanga. Akaniuliza, "Huko chini kuna basi?" Nikamrudishia, "Unajiuliza kama huko chini kuna basi." Akafikiri sana, akasema, "Hakuna." Kisha akamfukua, lakini taratibu, akampangusa mchanga machoni. Yuko karibu, shangazi. Yuko karibu kabisa. Na sasa nimwambie samahani, mkubwa mmoja kajiona kwenye mdoli akanuna, kwa hiyo wewe endelea kuamini bibi yuko safarini?

Nikimnyang'anya mchanga leo, atajua kwamba hata mimi ni mmoja wa wale wanaoficha. Atafunga mdomo na kwangu pia. Hapo sijui nani mwingine atamfungua.

Nakala ya waraka imemfikia Mganga Mfawidhi. Ameipiga pasi, nakwambia kweli, imenyooka. Jana alikuja na futi ya kupimia, akapima chumba changu urefu na upana huku akipiga mluzi. Anasubiri nifutiwe usajili tu alete maboksi yake.

Naomba ruhusa ya mtoto mmoja, beseni moja, ng'ombe mmoja. Ninyi ndio mlioniapisha kwamba mtoto kwanza. Nisaidieni.

Baba anasema umepungua. Anasema jikoni kwako ameona biskuti za mikutano tu.

Chiriku


20 Aprili

Kumb. Na. CH/MAADILI/MCH/7

YAH: OMBI LA KUZIKA NG'OMBE

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kamati Tendaji ilikaa na kulijadili ombi lako kwa kina. Hoja zifuatazo ziliibuka: iwapo ng'ombe wa plastiki ni marehemu kwa maana ya waraka, iwapo mnyama anayefukuliwa kila wiki amezikwa au amehifadhiwa, na iwapo pembe moja inamfanya kuwa kifaa kibovu kisichoruhusiwa tangu awali. Wajumbe walishindwa kuafikiana. Imeamuliwa kwamba suala lipelekwe katika Kamati Ndogo ya Dubu, kwa kuwa ndiyo pekee yenye uzoefu wa wanyama. Wakati uamuzi ukisubiriwa, waraka unabaki palepale.

Wako katika ujenzi wa taaluma,
Katibu Mkuu

Chiriku, huku chini nakuandikia kwa mkono wangu. Nilipiga kelele kule ndani, usidhani nilinyamaza. Lakini nikitoa ruhusa kwa mtoto wa kaka yangu wataniambia nabeba ndugu. Na mimi sili biskuti tu. Baba yako ana macho ya kuazima. Sisi sote hatujambo.


15 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini hamjambo, wewe na sote wako. Hapa mvua zimekatika. Mwenye nyumba ameanza kupaka rangi upande wa nyuma, akaishiwa katikati ya dirisha langu, sasa nusu ya dirisha ni ya kijani. Jirani amenunua jogoo ambaye hajui asubuhi ni saa ngapi. Nimejifunza kushona vifungo mwenyewe. Kila nikitunga uzi namkumbuka Fundi alivyokuwa akiulowesha kwa ulimi na kufumba jicho moja, na kutuambia tusimsemeshe akiwa na sindano mdomoni. Ulikuwa unamsemesha makusudi ili akujibu kwa nyusi.

Tangi la maji la zahanati limetoboka. Mganga Mfawidhi hajambo, anapiga mluzi tu.

Kuhusu waraka, nimeusoma.

Msalimu baba.

Chiriku


30 Mei

Mwanangu,

Barua yako ni ndefu kuhusu jogoo na fupi kuhusu waraka. Nimekulea likizo ngapi nisijue ukinyamaza unakuwa na nini mkononi? Umeusoma. Umeutekeleza?

Usinijibu. Mganga wako Mfawidhi ameshatuandikia. Anasema, kwa masikitiko makubwa na kwa kuipenda taaluma, ameona mchanga. Anasema kila Jumanne kuna mazishi, na kwamba wiki iliyopita alisikia kwa masikio yake mhudumu akisema "naona unamfukia". Kamati imepokea malalamiko kwa kelele. Wale wa kundi la kumpinga Mwenyekiti wanataka ufutwe ili ionekane Mwenyekiti ni dhaifu, na wa Mwenyekiti wanataka ufutwe ili ionekane ana nguvu. Ni mara ya kwanza mwaka huu wamekubaliana.

Nikasema hafutwi mtu bila kukaguliwa chumba. Nani aende? Mweka Hazina ana mgongo. Mwenyekiti ana ziara ya kutazama dubu kwenye bustani ya wanyama. Nikabaki mimi. Wamekubali kwa sababu wanajua kwamba nikimkuta mtu na kosa simwonei haya hata awe nani, na ni kweli simwonei, kwa hiyo jiandae.

Nitakuja kama Katibu Mkuu, si kama shangazi yako. Lakini nitalala kwako, na usinipe ule mto wako mgumu.

Uliyoandika kuhusu sindano mdomoni, nisingependa uyarudie kwenye barua za baadaye. Barua ilinikuta na watu.

Katibu Mkuu


24 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Uliondoka alfajiri ile na mkoba wako na neno moja tu, "Ripoti utaipata." Basi lako lilipokata kona nilirudi ndani, nikaukuta mto umelowa, nikauanika. Nimesubiri ripoti, haijaja. Ikija najua itasema "ukaguzi ulifanyika na wajumbe walishirikishwa". Kwa hiyo nayaandika mimi niliyoyaona, kama mlivyonifundisha, bila kuongeza wala kukuelekeza.

Naona ulikuja na suti yako ya bluu na beji ya Chama, na ule ubao wa kubania karatasi. Ulikaa kwenye kile kiti kidogo cha watoto, magoti yakakufika kifuani. Mganga Mfawidhi alisimama mlangoni na futi yake shingoni, amejaa tabasamu. Bi Jumanne akaingia, akakutazama toka viatu hadi beji.

"Huyu nani?"

Nikasema, "Unajiuliza huyu ni nani."

Hakungoja. "Ni mke wa Ng'ombe," akasema. "Shuka chini. Vua viatu."

Wewe ukasema, "Mtoto mzuri, mimi nimekuja kukagua..."

"Mke wa Ng'ombe haongei. Kuna msiba."

Shangazi, nilikuwa roho juu. Ungeweza kusimama pale pale, ukaufunga mkoba, na mimi ningekuwa nimekwisha. Ulinitazama. Mimi sikusema kitu, maana kiongozi wa kikao ni mtoto. Ukavua viatu. Ukashuka sakafuni na suti yako, ukaweka ule ubao chini ya kiti.

Alimlaza Bwana Ng'ombe kama kawaida. Akafukia kidogo, akakunyooshea kijiko. "Mwaga." Ukakishika kijiko na hukumwaga. Ulisema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwako, "Labda wengine watangulie, mimi niangalie kama viti vinatosha." Yule mtoto hakukasirika hata kidogo. Akasema, "Viti vinatosha. Mwaga." Ukamwaga kijiko kimoja. Kisha ukakiweka kando, ukachota kwa mkono, ukamwaga, ukachota tena, ukamwaga, mpaka pembe ikazama na mchanga ukaanza kumwagika sakafuni.

Bi Jumanne akakuacha umalize. Akaupigapiga mchanga kwa kiganja. Hakumfukua. Akasema maneno ambayo nimeyangoja tangu mwaka uanze: "Bwana Ng'ombe, umekufa. Hujasafiri. Sisi tunakwenda kula."

Naona ulilia, shangazi. Ulilia kwa sauti, mdomo wazi, na beji ikawa inaruka kifuani. Sikukunyamazisha, na nakuomba unisamehe kama ulitaka nikunyamazishe. Yeye ndiye aliyekuletea kile kikombe cha plastiki kisicho na kitu, akakisogeza mdomoni mwako, akasimama mpaka ukanywa. Nilipogeuka mlangoni Mganga Mfawidhi alikuwa ameshaivua futi shingoni na kuikunja mfukoni. Hajapiga mluzi tena tangu siku ile.

Jumanne iliyofuata Bi Jumanne hakutaka mchanga. Alipika kwenye jiko la bati, vyakula vingi, bila mpangilio. Baba yake alipokuja kumchukua alimwambia pale pale kwenye benchi la nje, mbele ya wagonjwa wote, "Bibi amekufa." Yule baba mtu mzima akakaa chini, akamkumbatia, akasema ndiyo mwanangu, amekufa. Mwalimu wake amenipigia simu. Darasani wameulizwa nani hajaleta daftari, na yeye amejibu, "Mimi." Neno moja tu. Mwalimu alikuwa analia kwenye simu, nami nikaungana naye.

Kama mtanifuta, nifuteni. Kazi hii nimeifanya. Ila kuna wengine, wa Jumatano na wa Ijumaa, na bila mhuri wenu chumba hiki kitajaa dripu kabla hawajafika kwenye neno lao. Hilo tu ndilo ninaloomba lifikishwe kikaoni.

Na kabla hajaondoka Bi Jumanne aliniuliza swali, nikashindwa kulirudisha kwa sababu sijui jibu lake nami nilitaka kulijua. Aliuliza, "Yule mke wa Ng'ombe, alikula?"

Mwanao,
Chiriku


9 Julai

Mwanangu Chiriku,

Marahaba, na za hapo. Baba yako goti limepona, na anataka sufuria yake, kumbe ni ya jirani yake. Mimi sijambo. Niko peke yangu hapa nyumbani.

Nianze na ya kikao, maana bila kuanza na kikao mkono hautasogea. Nilisoma ripoti yangu. Haikuwa na jedwali. Nilisema nimemkuta mwanachama akiukaidi waraka, na kwamba waraka ndio uliokosea, na kwamba mimi ndiye niliyeuandika kwa kuogopa mtu mmoja mwenye kalamu. Nikasema Chama hiki tulikianzisha ili mtoto akifukia kitu chake kuwe na mtu mzima mmoja wa kukaa naye sakafuni asimkimbie, na kwamba tangu tupate ofisi hakuna aliyewahi kukaa sakafuni, hata zulia letu bado lina nailoni. Mwenyekiti akasema, "Naona Katibu Mkuu ana uchungu." Nikamwambia ndiyo, ninao.

Waraka umefutwa. Mwenyekiti alileta marekebisho kwamba mtoto azike yeyote isipokuwa mgeni rasmi. Yameanguka kwa kura moja, na kura hiyo ni ya Mweka Hazina, kwa ajili ya mjukuu wake. Mkubwa hajatia sahihi na sidhani kama atatia mwaka huu. Kamati Ndogo ya Dubu imeleta uamuzi wake kuhusu ng'ombe wako: wanaomba muda zaidi. Mganga Mfawidhi ameandikiwa barua kwamba chumba ni cha tiba na Chama kiko nyuma yako. Nimeigonga mihuri miwili, wa pili hauna kazi yoyote, lakini ni mkubwa.

Sasa lile la Mengineyo.

Jumamosi nimeyatoa mafaili juu ya cherehani. Nimeifuta, nimeitia mafuta kama alivyokuwa akifanya. Kwenye droo nimekuta kipande cha suti yangu ya bluu, alikibakiza ili nikichanika apate kiraka. Nikamwita baba yako, tukaenda. Nilidhani nitapasahau, maana siku ile nilikuwa getini, lakini miguu ilipajua.

Baba yako akataka kusema maneno. Nikamwambia anyamaze. Nikavua viatu, nikakaa chini, nikachota udongo kwa mkono. Nikamwambia, "Fundi, umekufa. Hujasafiri. Mimi nakwenda kula."

Tulikwenda kwa baba yako. Wifi yangu alipakua, nikamaliza, nikaongezwa, nikamaliza tena, mpaka kaka akaacha kula akawa ananitazama tu.

Ukimwona Jumanne, mwambie alikula.

Shangazi yako